Mteremko wa Lahsen

Tagant, 3 Februari 2022

Mwanangu Yetto,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kutoka kwa mbuzi wote isipokuwa yule mwenye pembe moja, ambaye amekufa. Mimi ni mzima, goti tu ndilo linanisumbua baridi ikizidi. Wewe je? Unakula? Huko Rabat wanakupa hata supu, au wanakulisha karatasi tu?

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu mtandao unapatikana pale juu penye mnara tu, na ukisimama pale nusu ya kijiji inasikiliza. Barua hii atakuletea dereva wa teksi. Mwandiko wangu usiucheke. Mwalimu wetu wa msikitini anasema mimi ndiye ninayeandika wima kuliko wanawake wote wa darasa.

Haji Bassou alikuja hapa Jumanne na karani wake. Anataka kukodishwa mteremko wetu kwa miaka arobaini. Maganda ya kharubu yamepanda bei, viwanda vya ng'ambo vinazitaka mbegu zake, na yeye anataka kung'oa kila kitu kilichoota chini ya mikharubu, anakiita magugu, halafu apande miche mipya kwa mistari. Zaatari, rozmari, mizeituni mwitu, vitunguu vya porini, vyote nje. Kila nyumba imeshaweka kidole. Karani akanisogezea kile kidude cha wino. Nikamwambia mimi sasa natia saini, si kidole, na leo kalamu yangu haina hamu.

Bassou akatabasamu. Akasema, "Hniya, mumeo naye alikuwa mbishi."

Miaka saba, Yetto. Miaka saba tangu baba yako awakamate wafanyakazi wa mtu huyu wakipura kharubu kabla ya siku ya kuufungua mteremko, siku ambayo kijiji chote huanza kuvuna pamoja. Yeye ndiye aliyekuwa mlinzi, wazee walimchagua wenyewe. Na kabla Lahsen hajafika barazani, Bassou alikuwa ameshakaa pale akisema kwamba magunia yale kauziwa na Lahsen. Watu wawili wakaapa kwenye kaburi la walii kwamba waliona. Unajua yaliyofuata: wakamwita mwizi, wakamvua ulinzi. Akaenda kuvunja mawe kule tambarare, na jiwe likamrudisha nyumbani ndani ya blanketi.

Karani amesema ofisi ya misitu haitoi kibali mpaka watu wa chuo waje kuhesabu mimea. Wewe ni mtu wa chuo. Nadhani umenielewa.

Mama yako


Rabat, 21 Februari 2022

Mama yangu mpendwa,

Nimeipokea barua yako salama, na mwandiko wako ni mzuri kuliko wa profesa wangu. Ninakula, usijali. Pole kwa mbuzi. Goti lipake mafuta ya zeituni yaliyopashwa moto, usisubiri mpaka livimbe.

Niliposoma maneno ya Bassou nilitoka nje nikazunguka jengo letu mara tatu. Kazi yangu hapa ni kubandika mimea mikavu kwenye karatasi na kuiandikia majina, kazi ya utulivu. Siku ile niliharibu karatasi nne.

Nimeuliza. Ni kweli, hesabu imepewa chuo chetu, na anayeiongoza ni Profesa Sebti. Ni mtu mwema, mzee kidogo, anayezungumza na maua akidhani hatumsikii. Nilimwomba anichukue kwenye safari. Akaniuliza kama nina ndugu au ugomvi wowote kwenye eneo hilo, kwa sababu fomu ina sehemu ya swali hilo. Nikasema sina.

Ndiyo, nimesema uongo. Ningesema kweli, angemchukua mwingine. Tutafika Aprili, mimea ikiwa na maua. Mama, nikipita mbele yako usinijue. Nami sitakujua. Bassou hajaniona tangu nikiwa na miaka kumi na sita, na tangu hapo nimevaa miwani.

Mteremko ule haukosi kitu. Tutauhesabu, na hesabu yenyewe itamziba mdomo.

Mwanao Yetto


Rabat, 2 Mei 2022

Mama,

Hujambo? Nilirudi salama. Nisamehe kwa siku ile kisimani. Nilikuona umesimama na madebe yako, nami nikapita nikimwuliza Profesa kitu kisichokuwa na maana yoyote. Tena nisamehe kwa chakula. Tulilala kwa Bassou siku tano, yeye ndiye mwenyeji wa wageni wote wa serikali, na kila mchana aliniwekea vipande vya nyama upande wangu wa sinia, akiniita binti. Niliila nyama ile. Nilikuwa nikihesabu mikunjo ya shingo yake.

Sasa nikueleze. Tulivuta kamba tukapiga miraba, hatua kumi kwa kumi, kuanzia mtoni hadi kwenye miamba. Ndani ya kila mraba unataja kila kinachoota. Chini ya mkharubu mmoja tu, ule mkubwa uliogawanyika, tulipata aina thelathini na moja. Kivuli chake kinashika unyevu, majani yake yanalisha udongo, na ndani ya kivuli hicho kuna kila kitu: mkindu mfupi, lavenda, asparaga mwitu, ile tuliyokuwa tukiiita kidole cha bibi, okidi ndogo zenye sura ya nyuki. Kwa mteremko mzima, aina tisini na nne. Profesa alisema hajaona msitu wa kharubu wenye utajiri huo kwa miaka yake yote.

Lakini haitoshi. Nimeambiwa jana. Ofisi haizuiwi na wingi. Inazuiwa na mmea ulio kwenye orodha ya mimea inayotoweka, hata ukiwa mmoja. Katika tisini na nne zetu hakuna hata mmoja wa orodha hiyo. Bassou anajua. Siku ya mwisho alimwambia Profesa, akicheka, kwamba tisini na nne ni idadi nzuri ya kuchoma.

Kuna ule mdogo uitwao sikio la paka, wenye majani ya manyoya na ua la njano, unaoota kwenye nyufa za mwamba kwa dada yako, upande wa pili wa mlima. Huo umo kwenye orodha. Mwamba wetu wa juu ni wa namna ile ile, sijui kwa nini haukuota kwetu. Tunarudi tarehe kumi na mbili Juni kutazama mimea inayochelewa.

Nakuambia tu.

Mwanao Yetto


Tagant, 30 Mei 2022

Yetto mwanangu,

Habari za kazi? Mimi sijambo, miguu imevimba kidogo. Nilikwenda kumsalimia dada yangu. Siku mbili kwenda, siku mbili kurudi, na sikupanda punda, kwa sababu nilikuwa na mzigo usiopenda kutikiswa. Huyo mama yako mkubwa anakusalimu na kuuliza utaolewa lini. Nimemwambia una shughuli.

Mvua ilinyesha niliporudi, kama iliyoagizwa.

Mkija, msiishie chini. Pandeni mpaka juu, nyuma ya mkharubu wa tatu kutoka kwenye pango la mbuzi, mahali ambapo mwamba umepasuka na jua la asubuhi halifiki. Mimi ni mwanamke wa mbuzi, sijui orodha. Lakini vitu tisa vilivyokaa ufa mmoja vinaweza kukaa ufa mwingine, mtu akivibeba na udongo wake na kuvifunika kwa kuvumwani, ule ukungu wa kijani wa mawe.

Yule mtu amejenga kitalu nyuma ya kinu chake. Miche iko ndani ya mifuko myeusi, imejaa ua mzima. Kila nikipita natazama, halafu nacheka peke yangu. Watu wanadhani uzee umeanza.

Mama yako


Rabat, 19 Juni 2022

Mama yangu,

Shikamoo, na pole sana kwa miguu. Nakuombea afya, maana unastahili afya ndefu ya kuyaona haya.

Katika ile tisa, saba ilikuwa hai. Miwili ilikuwa na maua.

Sikumwonyesha mimi. Nilimwacha Profesa atangulie, nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Nilipofika alikuwa amepiga magoti kwenye changarawe, kofia mkononi, machozi yanamtoka. Alisema hakuna mtu aliyewahi kuuona mmea huu upande huu wa mlima. Akaniambia niandike tarehe, saa na urefu wa mahali kutoka baharini, na mkono wangu ukaandika vizuri.

Bassou alikuja juu akihema. Profesa akamweleza, kwa upole, kwamba hakutakuwa na kibali. Ningependa ungekuwepo, mama. Uso wake ulibadilika kama unga unavyobadilika ukiingia maji. Alitazama lile ua, akatazama mikharubu yote mpaka mtoni, akauliza, "Kwa ajili ya hiki?" Nikamtazama machoni kwa mara ya kwanza, nikavua miwani. Sijui kama alinitambua. Natumaini alinitambua.

Usiku wa kurudi sikujuta. Nilijaribu kujuta, nikakosa.

Mwanao Yetto


Tagant, 8 Septemba 2022

Yetto,

Salamu baada ya kimya. U mzima? Mimi mwili mzima.

Nianze na tamu. Kibali kimekataliwa, barua ilisomwa barazani. Miche ya Bassou imekauka ndani ya mifuko yake Julai yote, kwa sababu alikuwa ameikatia maji kwa hasira. Siku ya soko nilisimama mbele ya kitalu kile na kikapu changu, kwa muda mrefu kuliko ilivyo adabu. Akatoka akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia natafuta kivuli. Hapakuwa na jani.

Sasa chungu. Agosti walikuja watu wa misitu na waya. Wameuzungushia mteremko wote, kuanzia mtoni hadi kwenye mwamba, kwa ajili ya kulilinda sikio la paka. Hakuna mbuzi kuingia, hakuna mtu kuokota. Siku ya kufungua ilifika na hatukufungua. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, kharubu zimeanguka zenyewe zikaliwa na nguruwe mwitu. Wanawake walikaa kwenye vizingiti na fito zao. Mimi nilikaa nao, nikilalamika kama wao. Sikujua kwamba wangefunga. Je, wewe ulijua?

Na juzi mlinzi mpya amemkuta punda wa Mbarka ndani ya waya, na gunia la zaatari mgongoni. Mbarka, Yetto. Yule aliyekuja kukaa nami siku baba yako alipoletwa, wakati wengine walipitisha chakula dirishani wakakimbia. Ana binti mgonjwa na hana kingine cha kuuza. Amejificha, amekana kwamba alikuwepo. Baraza linakaa Ijumaa ya wiki ijayo. Bassou ndiye aliyesema kwa sauti kwamba mwizi wa mteremko ni mwizi, na kijiji hiki kinajua namna ya kumshughulikia. Maneno yale yale. Alipoyasema alinitazama mimi.

Niambie la kufanya. Upesi.

Mama yako


Rabat, 13 Septemba 2022

Mama,

Barua yako imenifikia leo, Jumanne. Namwomba dereva huyu huyu airudishe hii kesho.

Sikujua kuhusu waya. Nilipaswa kujua, imeandikwa kwenye kanuni, sikusoma mpaka mwisho kwa sababu nilikuwa nimeshapata nilichokitaka.

Nakuomba usiseme chochote kuhusu maua. Si kwa ajili ya kazi yangu tu. Ukisema, Bassou anapata mteremko, na Profesa anakuwa kichekesho cha wenzake wote. Nipe muda. Nitaomba wafunguliwe wanawake siku chache kwa mwaka. Mwombe Mbarka avumilie.

Mwanao


Tagant, 20 Septemba 2022

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Kuvumilia ni neno zuri ukiwa Rabat.

Ijumaa nilikwenda barazani. Wazee walikuwa wamekaa uani mwa msikiti, Bassou katikati yao, na Mbarka amesimama, ushungi umemfunika mpaka puani. Mlinzi akasema hakuona uso, aliona punda na gunia. Basi nikaingia katikati nikasema gunia ni langu. Nikasema niliazima punda kwa Mbarka nikamdanganya naenda kinuni.

Mbarka alitaka kusema kitu, nikamkanyaga mguu.

Bassou akafurahi, Yetto. Ulikuwa uso wa mtu aliyeletewa zawadi. Akasema, "Mume alikula mteremko, sasa mke anamalizia." Akataka niape. Wakanipeleka wote kwenye kaburi la walii, nikaweka mkono juu ya kitambaa cha kijani, nikaapa kwamba mimi ndiye niliyekata zaatari ile. Nimeapa uongo mahali walipoapa uongo juu ya baba yako. Nilidhani mkono ungeungua. Haukufanya kitu. Nikarudi nyumbani nikakanda mkate nao.

Sikufanya kwa wema. Usinifikirie mwema. Nilitaka Mbarka asalimike na Bassou asipate mteremko, vyote viwili, nikaona jina langu ndilo rahisi kutupa. Lakini nilipolala nikakumbuka kwamba jina hilo halikuwa langu peke yangu.

Jumapili akaja Mzee Aomar. Unamkumbuka, mmoja wa wale mashahidi wawili. Mwenzake, mpwa wa Bassou, yuko Italia. Mzee huyu tangu msiba hajawahi kukanyaga mlangoni kwangu. Alisimama uani na fimbo yake, sikumkaribisha kitako.

Akasema, "Ijumaa nilikuwa nyuma yako. Umeapa kama nilivyoapa mimi."

Nikamwuliza niliapaje.

"Haraka," akasema.

Halafu akalia, mzee yule, kamasi zikamwingia ndevuni. Akasema Bassou alimtishia kumnyang'anya zamu ya maji ya shamba lake, naye ana wajukuu. Hajawahi kumwona Lahsen na gunia hata siku moja. Akasema yuko tayari kusimama barazani na kuyasema hayo mbele ya Bassou, ila hawezi kusimama peke yake. "Simama nami, Hniya. Wewe useme la kwako, mimi niseme la kwangu. Aibu ya wawili naiweza."

Sasa fikiri. Nikisema gunia si langu, namrudisha Mbarka kwenye moto. Njia pekee ni kusema kwamba waya wenyewe umewekwa kwa uongo, kwamba ua nimelibeba mimi. Na nikisema hivyo wewe unaanguka, na huenda Bassou akainuka. Nikinyamaza, Bassou anabaki chini, na baba yako anabaki mwizi.

Miaka saba nimekuwa nikitaka Bassou aanguke. Sikujua kwamba nitatakiwa kuchagua kati yake na Lahsen.

Neno ni lako, kwa sababu mkate ni wako. Nitasubiri mpaka Ijumaa ya wiki ijayo tu.

Mama yako


Rabat, 24 Septemba 2022

Mama yangu,

Shikamoo. Sema.

Nimeshamwambia Profesa. Sikutaka uamke siku ile ukiwa bado unanipima mimi kwenye mizani. Nilimweleza yote, kuanzia fomu. Hakupiga kelele. Alikwenda kwenye kabati, akatoa karatasi yenye sikio la paka letu, akaandika juu yake kwa wino mwekundu, "Limepandikizwa", akairudisha. Kisha akaniomba funguo.

Mlangoni akaniambia kitu ambacho bado nakisikia. "Ungeniambia mteremko ni wa baba yako, ningekuja na watu wengine, na wangehesabu tisini na nne zile zile."

Amesema atawaandikia ofisi ya misitu mwenyewe, awaeleze kwamba ua si la pale, ila hizo tisini na nne ni za pale, na yeye anaweka jina lake chini yake. Haahidi kwamba watasikia.

Sina kazi. Nina hasira bado, kama ulikuwa unajiuliza.

Mwanao Yetto


Tagant, 4 Oktoba 2022

Yetto wangu,

Salamu za upendo, na pole ya kazi. Goti halijambo. Kaa kitako usome.

Ijumaa tulisimama, Mzee Aomar kwanza. Alitaja siku, alitaja magunia, alitaja shamba lake na zamu ya maji. Sauti yake ilikuwa ndogo, wazee wakainama mbele ili wamsikie. Kisha mimi. Nilisema nilibeba sikio la paka tisa kutoka kwa dada yangu, kwa miguu yangu, ili nimwangushe Bassou, kwamba waya ni tunda la mikono yangu, kwamba gunia la zaatari halikuwa langu, na kwamba mtu aliyekata zaatari aliingia mahali palipokuwa pake tangu bibi zetu. Sikumtaja Mbarka. Hakuna aliyeuliza.

Bassou akainuka. Akasema, "Mmemsikia. Mke wa mwizi, na tena mwongo."

Nikamwambia, "Mwongo andika. Mwizi futa."

Wazee walinong'onezana mpaka adhana ya alasiri. Kisha wakatoa yao. Mimi na Aomar tumeapa uongo kwa walii, basi kwa misimu mitatu ya kufungua hatutakanyaga mteremko. Sawa. Bassou ameondolewa barazani, na baraza limekataa kutia muhuri ombi lolote lake juu ya mteremko, leo au kesho. Bila muhuri huo hata ofisi haimpi kitu. Jana watu wa misitu wamekuja kuuona ule ufa, wakapiga picha, wakaongea wao kwa wao. Wamesema waya utaondolewa kabla ya theluji. Nitaamini nikiuona umekunjwa.

Bado ni tajiri. Kinu chake kinasaga. Ila amepita sokoni jana na watu hawakumpisha njia, akabaki akingoja nyuma ya punda. Nilitazama mpaka akapotea kwenye kona. Usinifundishe kusamehe, sijaanza na sina mpango.

Mwisho, mkuu wa baraza alisimama akasema mbele ya wote kwamba Lahsen mwana wa Haddu alikuwa mlinzi mwaminifu, na kwamba kijiji kilimdhulumu. Alisema mara mbili, kwa sababu nilimwambia sikusikia.

Halafu wazee wale, wale wale waliomwondoa baba yako, wakapanga mstari kuja kunipa mkono, mmoja mmoja, nyuso zao zimelainika. Nikaingiza mikono yangu yote miwili ndani ya shuka, nikaifunga kifuani, nikawatazama. Kila mmoja alinyoosha wa kwake, akangoja, akaurudisha.

Chumba chako nimekipaka chokaa. Njoo.

Mama yako